Mwili Hapa, Roho Bugarama?



Wazee wetu waliokimbia Bugarama na pwani ya Rumonge mwaka 1972 husema mara nyingi kwamba mwili uko hapa, lakini roho ilibaki kule kwenye michikichi na ziwa. Je, mtu aweza kugawanyika hivyo?

Wenye hekima waliliuliza swali hili zamani. Tabibu Mwislamu Ibn Sina (980–1037) alisema tumfikirie mtu aliyeumbwa ghafla, ananing'inia hewani, haoni, hasikii, wala hahisi viungo vyake. Hata hivyo angejua kwamba yupo. Kwa hiyo nafsi siyo mwili. Mfaransa René Descartes alifundisha jambo la karibu na hilo mwaka 1641, lakini akaongeza kwamba nafsi haikai mwilini kama nahodha chomboni. Sisi watu wa ziwa tunaelewa. Mtumbwi ukitoboka, nahodha huona tundu. Mwiba ukituchoma mguu, tunaumia sisi wenyewe.

Mwaka 1643 binti mfalme Elisabeth alimwandikia Descartes akimwuliza: nafsi isiyoshikika yawezaje kuusukuma mwili? Huyu naye alikuwa mkimbizi. Wazazi wake walipoteza ufalme wa Bohemia mwaka 1620, akakulia Uholanzi. Mwaka 1645 alipopata homa na kikohozi, Descartes aliona chanzo ni huzuni. Ibn Sina pia aliandika kwamba mapigo ya mshipa hufichua pendo ambalo mgonjwa analificha.

Nasi twasoma katika Mwanzo 2:7 kwamba Mungu aliumba mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi, akawa nafsi hai. Ni mtu mmoja, siyo mizigo miwili iliyofungwa kamba.

Basi, ndugu, roho ya mzee haikubaki Bugarama. Ingebaki huko, kifua kisingembana usiku hapa. Asipolala, asipokula, hajifanyi. Tusimwambie, "Ni mawazo tu, omba." Wala tusimpe vidonge tukaenda zetu. Tumsindikize zahanati, tuombe naye, kisha tuketi tumsikilize akisimulia kwao hadi amalize. Majirani zetu Waislamu nao wamefundishwa kumtembelea mgonjwa. Tukikutana mlangoni pake, tuingie pamoja.

Mungu awabariki.