KURUDISHA SI KUWEKA MAHALI PAKE TU

"Kukopa arusi, kulipa matanga," wasema wahenga. Lakini yuko mtu arudishaye alichoazima upesi, tena kwa uso mkunjufu, na bado akawa amemdhulumu jirani yake. Yawezekanaje?

Tutazame ufuko wa Itungi, huko Kyela. Mvuvi ameazima kafi la mwenzake, nalo likapata ufa. Aupaka ufa matope, kisha alirudisha alfajiri. Jioni mwenye kafi akutwa ziwani na upepo wa kusi, na kafi lamvunjikia mikononi. Je, tutasema kwamba lilirudishwa?

Jambo kama hilo laweza kutukia katika maabara ambamo vijana wetu hujifunza elektroniki. Sanduku moja la transista, diodi na kapasita latumiwa na darasa zima. Mwanafunzi aunganisha vibaya, transista yaungua. Lakini kwa macho mara nyingi haitofautiani na nzima. Kwa kuogopa kulipishwa au kuchekwa, airudisha sandukuni kimya. Hesabu imetimia, na mwalimu ameridhika.

Nani basi aliyeumia? Ni mwenzake wa kesho. Huyo ataunganisha kila waya sawasawa, na chombo hakitafanya kazi. Atatafuta kosa lisilo lake hata saa ya somo iishe, na mwisho atadhani kwamba yeye hana akili ya kazi hiyo. Kipande ni cha bei ndogo. Lakini aliyeibiwa muda na tumaini lake, nani atamlipa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipofundisha juu ya haki katika biashara, alipambanua ila iliyo wazi na ila iliyofichika. Farasi chongo kila mtu amwona. Bali ila iliyofichika, iwezayo kuleta hasara au hatari, muuzaji hana budi kuitaja. Ikiwa muuzaji amefungwa hivyo, mwazimaji je?

Pengine utasema: vipande vingine huharibika bila mtu kujua. Ni kweli. Umeme tuli wa mwilini waweza kuua kipande laini pasipo mkono kuhisi lolote. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kugusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi. Asiyejua hakuficha kitu. Lakini mwenye shaka na aseme, "Nina shaka na hiki." Na mwalimu naye asimfokee anayesema kweli, maana akifanya hivyo awafundisha wote kunyamaza. Aweke kisanduku cha pili, cha vilivyoharibika, wala asiulize majina.

Hili si jambo dogo. Meli ya MV Mbeya II, iliyojengwa Itungi na kuanza safari mwaka 2021, yaweza kuchukua abiria 200. Watakaotengeneza redio za meli za namna hiyo ni vijana hawa hawa. Na aliyezoea kuficha transista iliyoungua, atajifunza lini kusema kwamba redio haikupona?

Basi, enyi wazazi, tuanzie nyumbani. Mtoto akitoka kurudisha jembe la jirani, tusimwulize tu, "Umelirudisha?" Tumwulize pia, "Umemwambia kwamba mpini umelegea?"