Ajali Haina Kinga?

Huku kwetu pwani msemo huu husemwa sana. Ngalawa ikipinduka Bagamoyo, au basi likiacha njia Bunju, wazee hukaa msibani, hutikisa vichwa na kusema: ajali haina kinga. Mimi siupingi moja kwa moja. Ukiambiwa mfiwa ni rehema, kwani humwondolea mzigo wa kujiuliza usiku kucha angefanya nini. Lakini msemo huohuo ukitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na dhamana ya roho za watu, hubadilika ukawa kitu kingine kabisa. Ndipo napenda tujiulize, ndugu msomaji: mtu anapofikwa na hatari kwa mara ya kwanza, na maisha ya wengine yamo mikononi mwake, analotenda dakika ile ni lake kwa kiasi gani? Tumsifu kwa lipi, na tumlaumu kwa lipi?

Ukisimama ufukweni Bagamoyo utaona vyombo vya aina mbili. Baharini kuna mashua na majahazi yanayongoja upepo. Juu hupita ndege ndogo, nyingine za injini moja tu, zikielekea Saadani au zikikata mkondo kwenda Unguja. Nahodha na rubani wamefanana kuliko tunavyodhani, maana wote wawili wamebeba watu ambao hawawezi kushuka njiani.

Rubani mmoja wa ndege hizo aliwahi kunisimulia siku injini yake ilipoanza kukohoa juu ya maji, mara ya kwanza maishani mwake. Nilitazamia anieleze hofu. Akaniambia hofu ilimjia baada ya kutua, miguu ilipokataa kusimama. Kule juu hapakuwa na nafasi yake. Mikono ilishusha pua ya ndege kidogo ili isipoteze mwendo, macho yakatafuta ufukwe, vidole vikakagua mafuta, na mwisho kabisa ndipo akasema na watu wa mnara. Huo ndio utaratibu wanaofundishwa marubani duniani kote: kwanza irushe ndege, kisha jua unakokwenda, kisha ndipo useme. Nahodha wa jahazi naye, dhoruba ikimfika, hushusha tanga na kuelekeza chombo kwenye wimbi kabla ya kumjibu abiria anayelia.

Nikamwuliza kama alikuwa amewahi kufikiri juu ya jambo lile. Akajibu kwamba kila arukapo hujiuliza: injini ikizima sasa hivi, nitatua wapi? Alikuwa amejiuliza hivyo mara elfu kadhaa, na mara zote hizo jibu halikuhitajika.

Hapa wapo watakaonipinga. Watasema, kama mikono ilitenda yenyewe kwa mazoea, basi ushujaa uko wapi? Mashine nayo hutenda kwa mazoea. Hoja hii ina uzito, lakini nadhani inautafuta ushujaa mahali usipokuwa. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki alifundisha zamani kwamba wema ni tabia, nayo tabia hujengwa kwa kutenda tena na tena. Uchaguzi wa rubani yule haukufanyika siku injini ilipokohoa. Ulifanyika asubuhi zile nyingi za jua, ambapo angeweza kuacha kujiuliza na asijue mtu yeyote.

Tarehe 15 Januari 2009, jijini New York, ndege ya abiria iligonga kundi la mabata bukini muda mfupi baada ya kuruka, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani wake, Chesley Sullenberger, aliishusha kwenye mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka. Dunia ilimsifu kwa dakika zile chache. Mimi naona sifa ilistahili zaidi miaka mingi iliyotangulia, ambayo hakuna aliyeipiga picha.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Wapo waliojiandaa vyema na bado watu wakafa. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka wapelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wasisikie. Hakuwa mgeni wa balaa hilo. Alikwisha kutekwa mara mbili kabla. Basi akajitahidi kuandama pwani ya Afrika kuelekea kusini, nchi kavu isimtoke, hadi watekaji walipotambua na kumlazimisha aingie baharini. Mafuta yakaisha, injini zikazima, akaishusha ndege majini karibu na ufukwe wa Ngazidja. Kati ya watu 175, walikufa 125 na kuokoka 50.

Tukipima kwa idadi peke yake, tutasema alishindwa. Sidhani kama yupo mtu mwenye haki atakayesema hivyo. Maandalizi hayakumpa uwezo juu ya majaaliwa. Yalimpa uwezo juu ya sehemu iliyokuwa yake, nayo sehemu hiyo ikawa uhai wa watu hamsini.

Tena kuna somo katika safari ile ambalo si la rubani. Baadhi ya abiria walijaza upepo maboya yao wangali ndani ya ndege. Maji yalipoingia, maboya yakawainua hadi darini wasiweze kutoka. Ndiyo maana abiria huambiwa kabla ya safari wasiyajaze mpaka watoke. Siwalaumu marehemu, kwani hofu ile hakuna anayeijua isipokuwa aliyekuwamo. Nasema tu kwamba maneno yale tunayoyasikia huku tukipekua magazeti ndiyo mazoezi pekee tunayopewa sisi abiria.

Kwa hiyo naugawa msemo wetu mara mbili. Lipo lile lisilo na kinga: ndege wa angani, pepo, na watu wenye kichaa cha kuteka. Hapo tuseme ajali haina kinga, na tumfariji mfiwa. Lakini meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake. Kinga ya lile ilikuwepo gatini. Ilitaka mtu mmoja tu wa kusema basi, chombo kimejaa.

Wengi wetu si marubani wala manahodha. Lakini ni wazazi, walimu, wauguzi, madereva, na dharura yetu ya kwanza iko njiani bila kutupigia hodi. Siku hiyo hatutapata muda wa kuchagua tuwe watu gani. Muda wa kuchagua ni huu tulio nao, ambao hautishi na wala hausifiwi na mtu. Anayefunga tanga vizuri siku ya upepo mwanana ameshaifanya nusu ya kazi ya dhoruba, hata kama dhoruba yenyewe haitakuja zamu yake.