Kukua Si Kukawia



"Ndugu, umeokoka lini?" Swali hili tumelizoea. Wale waliolelewa katika Uamsho, ulioanzia Gahini huko Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, huweza kutaja siku na hata saa. Wengine walibatizwa wakiwa wachanga, wakafundishwa Katekisimo, wakapata Kipaimara. Hawana tarehe ya kutaja, nao hutahayari. Mimi siwacheki wale wa kwanza wala siwahurumii hawa wa pili. Lipo swali lililo gumu zaidi kwa wote: tangu hapo, umekua?

Maana tunao Wakristo wa miaka thelathini ambao hasira yao ni ileile ya mwaka wa kwanza. Zaburi wanazijua kwa moyo, lakini deni la jirani hawalilipi. Ukiwauliza hujibu, "Polepole ndio mwendo, Mungu bado ananitengeneza." Neno hili ni la kweli, na kwa sababu ni la kweli ni rahisi kujificha ndani yake. Basi mtu atajuaje kama yuko njiani akienda polepole, au ameketi kando ya njia?

Bwana wetu alitoa mifano miwili ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kupingana. Katika Marko 4 yuko mkulima anayelala usiku na kuamka mchana, na mbegu yaota wala yeye hajui imeotaje. Mkulima huyo hafukui mche kila asubuhi ili aione mizizi. (Wapo Wakristo wanaojifukua hivyo, wakijipima roho zao kutwa, mpaka mche unanyauka.) Lakini katika Luka 13 uko mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda, na mwenye shamba ataka ukatwe. Mtunza shamba aomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Basi uvumilivu upo, lakini ndani yake mna jembe. Mwaka ule haukuombwa ili mtini upumzike.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tofauti ilipo. Mwenye hasira anayekua hatapona kwa juma moja. Lakini leo hii, kabla jua halijachwa, atakwenda kumwomba radhi yule aliyemtukana. Kesho kutwa atateleza tena, na atakwenda tena. Safari ya tatu ina aibu kuliko ya kwanza, na nadhani aibu hiyo ndiyo samadi yenyewe. Anayekawia hana safari hata moja. Angoja moyo ulainike kwanza ndipo aende. Twadhani moyo hutangulia na miguu hufuata, kumbe mara nyingi miguu ndiyo huuburuta moyo. Hata Mtume, katika sura ya kwanza ya Waraka wa Pili wa Petro, anapotaja mambo ya kuongeza juu ya imani, anahimiza bidii, na upendo anauweka mwisho kabisa, nyuma ya kiasi na saburi. Sidhani aliuweka huko kwa kuudharau. Upendo usio na saburi tumeuona katika nyumba zetu, nao haudumu hata msimu mmoja.

Mfikirieni Janani Luwum. Alikuwa mwalimu wa shule katika nchi ya Waacholi alipotubu, Januari 1948. Kwake yeye tarehe ilikuwapo. Mwaka 1949 akaenda kusoma Buwalasi. Akawa shemasi mwaka 1955, kasisi mwaka 1956. Mwaka 1966 akawa Katibu wa Jimbo, kazi ya barua na mikutano isiyopigiwa vigelegele. Mwaka 1969 akawekwa kuwa Askofu, na mwaka 1974 Askofu Mkuu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji na dhuluma, na tarehe 16 ya mwezi huo akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari.

Tumezoea kuutazama mwisho huo peke yake, kana kwamba ushujaa ulimshukia siku ile. Mimi huitazama ile miaka 29 iliyo katikati. Mtu hapati ghafla ulimi wa kusema kweli mbele ya mtawala ikiwa miaka yote amekuwa akiwadanganya wakaguzi wa hesabu. Hapa simdharau Roho Mtakatifu. Nasema tu kwamba hupenda kuanzia kazi yake katika daftari la hesabu.

Kalenda ya Kanisa yalijua jambo hili. Karibu nusu ya mwaka ni majuma marefu yasiyo na sikukuu kubwa, vazi la kasisi ni kijani Jumapili baada ya Jumapili, na viti vya nyuma huwa vitupu. Ni majira yasiyo na msisimko. Lakini ndiyo majira ya kulipa lile deni.

Baadhi ya wazazi ambao watoto wao wanajiandaa kwa Kipaimara wameuliza: mtoto akirudi nyumbani kutoka mikononi mwa Askofu, na jioni hiyohiyo akapigana na nduguye, je, sakramenti imepotea bure? Isikilizeni vizuri sala ya Askofu siku hiyo. Anaomba mtoto aongezeke katika Roho kila siku. Basi hata yeye hakutazamia kumkabidhi kwenu akiwa amekwisha komaa. Msimwambie mtoto, "Wewe si umewekewa mikono leo?" Mpelekeni kwa nduguye wapatane, kisha wapeni chakula.