Mtumwa wa Dawa na Uhuru Wake

Watu wengi wakisikia neno «uhuru», hufikiri hivi: mtu huru ndiye afanyaye apendalo, wala hakuna wa kumzuia. Basi, tumtazame mtu aliyezoea heroini, ile dawa ya kulevya ambayo wengi hujidunga katika mishipa. Hakuna aliyemfunga kamba. Huenda atakako, hulala atakapo, wala hamsikilizi mzee wala padri. Lakini asubuhi akiamka, jambo la kwanza alitafutalo ni lile lile la jana. Atauza nguo zake, ataiba akiba ya mama yake, ataapa kwamba leo ni mwisho. Na jioni tutamkuta pale pale. Je, mtu huyu ni huru?

Mtakatifu Agostino aliijua hali hiyo, ingawa yeye hakusema habari za dawa, bali za tamaa za mwili. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, anaeleza kwamba hakufungwa kwa chuma cha mtu mwingine, bali kwa nia yake mwenyewe. Mnyororo huo uliungana pete kwa pete, kila mara alipoikubali tamaa, mpaka mazoea yakawa na nguvu kuliko yeye. Nasi twaona neno kubwa hapa. Kama mnyororo ulifanywa kwa matendo mengi, je, utavunjika kwa kiapo kimoja?

Waganga wanatufundisha jambo lifananalo na hilo. Mtu akiacha heroini, mwili wake huumwa sana: hutetemeka, hutapika, hukosa usingizi, viungo vyote humwuma. Lakini ugonjwa huo, kwa kawaida, hupungua baada ya juma moja hivi. Kama ingekuwa ni mwili tu, juma moja lingetosha. Ila tamaa hubaki miezi na miaka. Njia aliyozoea kuipita, rafiki wa zamani, huzuni ya siku moja, vyote hivyo huiamsha. Kwa sababu hiyo wako watu waliofikiri kwamba aliyefungwa hivyo ahitaji si dawa ya siku chache tu, bali nyumba ya kukaa miaka, na ndugu wa kukaa naye.

Nchini Italia, katika jimbo la Piemonte, uko mji mdogo uitwao Saluzzo. Tarehe 16 Julai 1983, sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, mtawa mmoja, Mama Elvira Petrozzi, alifungua huko nyumba ya kwanza ya jumuiya ya Cenacolo. Jina hilo ni la kile chumba ambamo Mitume walisali pamoja na Bikira Maria wakimngojea Roho Mtakatifu. Mama Elvira alizaliwa mwaka 1937 katika jamaa maskini, na baba yake alikuwa mlevi. Hakujifunza habari za ulevi katika vitabu. Aliwaomba wakubwa wake ruhusa miaka mingi kabla ya kuipata. Nyumba aliyopewa, juu ya kilima, ilikuwa imeachwa na kuharibika. Alipofariki tarehe 3 Agosti 2023, jumuiya yake ilikuwa imekwisha kuenea katika nchi nyingi.

Maisha ya humo ni magumu. Hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna televisheni. Wanaamka mapema, wanasali Rozari, wanalima, wanafuga, wanapika, wanajenga. Wazazi hawalipi kitu. Wengi hukaa miaka mitatu hivi. Mgeni akifika, hukabidhiwa ndugu mmoja aliyemtangulia, naye huitwa «malaika mlinzi» wake. Huyo hufanya kazi pamoja naye, hula pamoja naye, hukesha karibu naye usiku wa maumivu. Na huyo malaika mlinzi ni nani? Si mganga, wala si mwalimu. Naye pia alifika hapo siku moja akitetemeka.

Hapo ndipo ilipo hekima ya nyumba hiyo. Mtumwa wa dawa amezoea kufikiri jambo moja tu: mimi, na haja yangu. Hata mama yake amekuwa kwake mfuko wa fedha tu. Basi, siku moja anaambiwa: «Amka, mwenzako anaumwa.» Anaamka kwa shida, na kesho tena, na kesho kutwa tena. Nia yake iliyokuwa imelala yaanza kutembea kama mtoto. Mazoea mabaya yalimwingia kwa matendo madogo ya kila siku. Mazoea mema nayo huingia kwa mlango huo huo.

Lakini msomaji aweza kuuliza: kutoka katika utumwa wa dawa na kuingia chini ya amri za nyumba, si kubadili bwana tu? Swali hili si la mchezo. Karibu na mji wa Rimini, katika Italia hiyo hiyo, Vincenzo Muccioli alianzisha mwaka 1978 jumuiya ya San Patrignano, nayo imewasaidia maelfu ya watu. Ila mwaka 1980 polisi walikuta humo vijana waliofungwa minyororo. Muccioli alihukumiwa mwaka 1985, kisha mahakama ya rufani ikamwachilia mwaka 1987. Watu wengi walimtetea, hata wazazi, wakisema: afadhali mtoto afungwe kuliko azikwe. Mwaka 1989 mtu mmoja aliyekaa humo aliuawa kwa kupigwa na wenzake.

Tusiwacheke wazazi wale. Mama aliyemwona mwanawe akifa kidogo kidogo angeleta kamba yeye mwenyewe. Hata hivyo twapaswa kusema wazi: mnyororo huzuia mguu, lakini haufundishi nia. Ugonjwa wenyewe umo katika nia. Basi, nia hiyo haiwezi kuponywa kwa kuirukwa. Mungu mwenyewe, aliyetuumba bila kutuuliza, hatuokoi bila sisi kukubali. Tena, mkubwa asiye na mtu wa kumchungulia, hata akianza kwa huruma, aweza kuishia katika ukatili. Twaweza basi kuzitambua nyumba njema kwa alama hizi: mtu ameomba mwenyewe kuingia; aweza kuondoka; na wakubwa wake nao wana wakubwa. Amri aliyoikubali kila asubuhi haimfanyi mtumwa. Ni kama fimbo anayoishika kipofu kwa mkono wake mwenyewe.

Wala tusiseme kwamba njia ni hiyo peke yake. Wako wengi waliookolewa na waganga kwa dawa kama metadoni, nayo si aibu. Tena iko hatari moja ambayo jamaa zote zapaswa kuijua: mtu aliyekaa miezi bila heroini, akianguka na kurudia kipimo chake cha zamani, aweza kufa mara moja, maana mwili umeisahau ile sumu. Kwa hiyo siku ya kurudi nyumbani si siku ya kumwacha peke yake.

Hilo latugusa sisi wakristu wa parokia. Si kila misioni iwezayo kujenga nyumba kama ya Saluzzo. Lakini katika kila mtaa yuko mtu aliyefungwa, kwetu mara nyingi kwa lotoko. Twamfanyia nini? Wengine wamcheka, wengine wampa fedha ili awaondokee mlangoni. Afadhali kumnyima fedha na kumpa chakula. Kumwita shambani na kulima naye. Kumpitia saa ile ya jioni ambayo miguu yake huanza kutafuta njia ya kilabu, na kwenda naye kusali au kuzungumza. Ataanguka tena, labda mara nyingi. Siku ile akija mwenyewe kusema «Nisaidieni», asikute mlango wetu umefungwa, wala asikute watu wa kumhesabia makosa yake. Amkute mmoja aliye tayari kukaa naye usiku ule, na kesho yake pia.