Kiporo, Makombo na Taka

Kiswahili hakikuacha kitu kilichosalia bila ya jina. Nazi ikishakamuliwa, kinachobaki kifumbuni ni machicha, nayo hupewa kuku. Wali ukishapakuliwa, kilichoshika chunguni ni ukoko, na watoto huugombania. Walichokiacha walaji sahanini ni makombo. Lakini chakula ambacho hakikuguswa, kikafunikwa mpaka asubuhi, ni kiporo, nacho hupashwa moto kikanywewa chai. Kila jina limebeba hukumu yake. Taka ndilo jina la mwisho katika safu hiyo, na kwa desturi kitu hakifiki huko mpaka awepo mtu aliyekifunua, akakinusa, akaamua.

Hukumu hiyo hiyo sasa hutolewa ndani ya kompyuta, na aghalabu hutolewa bila ya kunusa.

Mtu anapoingiza toleo jipya la mfumo endeshi wa Windows juu ya lile la zamani, mfumo mpya hauufuti ule wa kale papo hapo. Huukusanya, pamoja na programu na mipangilio yake, ukautia katika folda moja iitwayo Windows.old. Folda hiyo yaweza kula gigabaiti 10, 20, au zaidi, na katika kompyuta yenye diski ndogo huo si mzigo wa kupuuzwa. Hata hivyo sababu ya kuiweka ni ya heshima: mwenye kompyuta akiona kwamba toleo jipya halimfai, kichapishi kimegoma au programu ya hesabu za duka haifunguki, aweze kurudi alikotoka. Windows 10 ilipotoka mwezi wa Julai 2015, muda wa kurudi ulikuwa siku 30. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi siku 10, na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ikaurithi muda huo mfupi. Siku zikipita, mfumo wenyewe huiondoa folda. Aliyelelewa pwani atakumbuka talaka rejea na eda yake: ndani ya muda mlango wa kurudiana u wazi, na muda ukiisha umefungwa. Ila mtalaka huzihesabu siku zake, ilhali watumiaji wengi wa kompyuta hawana habari kwamba kuna siku zinazohesabiwa.

Si kila Windows.old ni sawa na nyingine, na hapa ndipo jina linapodanganya. Mtu akipanda kutoka toleo moja kwenda jingine kwa njia ya kawaida, barua zake na picha zake huhamishiwa katika makao mapya, na folda ya zamani huwa ni gamba tu. Lakini fundi akiingiza mfumo upya bila ya kuisafisha diski kwanza, na bila ya kuchagua kuhifadhi vitu vya mtumiaji, mambo hugeuka: nyaraka zote za mwenye kompyuta hubaki ndani ya Windows.old, na huenda zisiwepo mahali pengine popote. Gamba na hazina huvaa jina moja. Kwa nje hakuna cha kuzitenganisha. Sharti mtu aifungue folda, aingie mahali penye majina ya watumiaji, atazame.

Tukio la mwaka 2018 lafaa kutafakariwa kwa utulivu, kwa kuwa hakuna ndani yake mtu mwovu. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo kampuni ya Microsoft ilianza kuitoa huisho kubwa ya Windows 10, na haikupita hata wiki moja ikausimamisha ugawaji wake. Baadhi ya watu walikuwa wamekuta nyaraka zao zimetoweka. Chanzo, kama kampuni ilivyoeleza yenyewe, kilikuwa ni usafi. Wako watumiaji walioelekeza folda zao za nyaraka au picha zikae mahali pengine, kama vile diski ya pili. Kila walipofanya hivyo, folda ya asili ilibaki pale pale, ikionekana kama nakala isiyo na kazi. Watu wakalalamika kuhusu utitiri huo, na wahandisi, kwa nia njema kabisa, wakaandika maagizo ya kuziondoa hizo folda tupu zilizojirudia. Kumbe si zote zilizokuwa tupu. Wapo waliohamisha anwani bila ya kuhamisha vilivyomo. Folda mpya ilikuwa na vitu vipya, na ya zamani ilikuwa bado na vya miaka ya nyuma. Maagizo yakaifuta ya zamani pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Kampuni ilisema kwamba taarifa za waliopoteza nyaraka zilikuwa ni kiasi cha moja katika kila mashine 10,000 zilizopokea huisho hiyo. Takwimu hiyo haina sababu ya kutiliwa shaka, na bado haimfariji mtu. Aliyepoteza picha za harusi ya mwanawe hakupoteza sehemu moja katika elfu kumi ya picha hizo. Kinachouma zaidi ni kwamba wako waliokwishaonja kasoro hiyo wakati wa majaribio na wakatoa taarifa, lakini sauti zao zilizama katika wingi wa maoni, kwa sababu hapakuwa na njia ya kutenganisha kilio kikubwa na manung'uniko madogo. Baadaye ndipo kikaongezwa kipimo cha kuonesha uzito wa madhara.

Swali la kimaadili basi halikai kwenye kitendo cha kufuta. Linakaa nyuma yake, kwenye neno dogo "tupu". Nani ana haki ya kulitamka juu ya kitu cha mtu mwingine, na kwa ushahidi upi? Wahandisi wale walikuwa na kanuni: folda ya namna hii, iliyokaa mahali hapa, kwa kawaida huwa haina kitu. Kanuni inayotokana na kawaida yafaa sana kwa kupanga kazi. Kwa kuhukumu kilichomo ndani ya folda hii mahususi, ya mtu huyu mahususi, haitoshi, hasa pale ambapo kufungua na kutazama kungechukua sehemu ndogo ya sekunde. Kosa lao lilikuwa dogo kwa kipimo cha kazi, na kubwa kwa kipimo cha haki.

Ingekuwa rahisi kukata shauri kwamba kisifutwe chochote kamwe. Wako wanaoishi hivyo: diski imejaa mpaka kompyuta inahema, na mwenyewe anashika nakala saba za barua ile ile asijue ipi ndiyo ya mwisho. Huo nao si uaminifu kwa mambo ya kale. Ni kuiahirisha hukumu mpaka itolewe na ajali, kwani diski hufa, na ikifa haichagui. Asiyetaka kuamua kipi ni kiporo na kipi ni taka ameviacha vyote viungulie pamoja.

Kwa upande mwingine yapo mambo yanayofanana na mabaki na kumbe ndiyo yanayoishikilia nyumba. Ndani ya Windows imo folda iitwayo WinSxS, ambayo huonekana nene kupindukia, nayo huwatia tamaa wasafishaji. Sehemu kubwa ya unene huo ni kiini macho: faili moja yenye mwili mmoja huorodheshwa mahali pawili, na anayehesabu huihesabu mara mbili. Ni mfano wa ukuta wa shirika katika nyumba za Mji Mkongwe, ambao kila jirani huuona kuwa ni wake. Atakayeubomoa kwa kuwa upande wake hauna kazi atasikia kishindo upande wa pili. Watengenezaji wenyewe wameonya folda hiyo isifutwe kwa mkono.

Uzito huongezeka pale kompyuta inapokuwa ya wengi. Katika nyumba, skuli au ofisi yenye mashine moja, Windows.old yaweza kuwa na majina manne au matano ya watumiaji, na mwenye kuombwa ruhusa ni yule mmoja tu aliyeketi mbele ya kioo siku hiyo. Kisheria ya mashine, yeye ndiye msimamizi, na ruhusa yake yatosha. Kwa sheria ya watu, vilivyo chini ya majina ya wenzake ni amana mkononi mwake, na amana haipimwi kwa ukubwa wa gigabaiti inazozuia. Kumwita mtu, au kumpigia simu kama yuko safarini, kumwambia "njoo utazame kabla ya siku ya kumi", ni kazi ya dakika chache ambayo hakuna programu itakayoikumbusha.

Hata likishaamuliwa, jambo halimaliziki kama wengi wanavyodhani. Katika diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, kufuta ni kuliondoa jina kwenye orodha na kutangaza kwamba nafasi i wazi. Maneno yenyewe hubaki yamelala pale mpaka maandishi mengine yaandikwe juu yake. Katika diski za kisasa zisizozunguka, mfumo huiarifu diski kwamba sehemu hizo hazihitajiwi tena, na kwa kawaida husafishwa mapema. Hivyo yule anayejuta hukuta kwamba alichokifuta katika diski mpya hakirudi, na yule aliyeuza kompyuta yake kuukuu sokoni, akiamini kwamba ameisafisha, huenda amemuuzia mgeni barua zake zote, zisizo na majina, zikimngoja mwenye ujuzi wa kuziokota.