Joto la Mahali Patupu

Tuseme, msomaji, kuwa umepewa mtungi ukaambiwa kuwa ni mtupu. Umeutikisa, hukusikia kitu. Umeuinamisha, halikudondoka tone. Hapana shaka utaushuhudia utupu wake mbele ya hakimu, wala moyo hautakusuta. Je, akija mwenzio akaapa kuwa mtungi ule ule, saa ile ile, yeye aliukuta una joto, utamwita mwongo?

Swali hili si mzaha. Mwaka 1976 William Unruh, mtaalamu wa fizikia wa Kanada, akifuata njia ambayo Stephen Fulling alianza kuifyeka mwaka 1973 na Paul Davies mwaka 1975, alionyesha kwa hesabu kuwa mtu aendaye mwendo wa sawasawa katika anga tupu haoni humo chembe wala joto. Lakini apitaye pale pale huku akizidisha mwendo bila kukoma hukuta kipimajoto chake kimepanda. Joto lenyewe ni dogo mno. Ili lifike digrii moja tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, yapasa mwendo uongezeke upesi kushinda uongezekavyo mwendo wa embe liangukalo mtini, mara bilioni 25 zikizidishwa tena kwa bilioni. Ndiyo maana hata leo halijapimwa kwa namna isiyobishaniwa.

Sababu yake yataka kutazamwa bila haraka. Utupu, kwa elimu ya sasa, si ukosefu wa kila kitu. Ondoa hewa, vumbi na nuru. Bado utabakia mtikisiko hafifu usiokoma, na mtikisiko wa upande huu umefungamana na wa upande ule kama miyaa katika mkeka. Autazamaye mkeka mzima huona utulivu. Walakini azidishaye mwendo daima huacha nyuma yake mpaka, na nuru itokayo ng'ambo ya mpaka huo haimfikii kamwe maadamu hapunguzi. Sehemu ya mkeka imefichika asiione. Miyaa iliyobaki kwake imekatika ncha, na mvurugo huo ndio aupimao kuwa joto.

Hapa vijana wengi hurukia neno rahisi: basi, kila mtu na ukweli wake. Nimelisikia mara nyingi darasani, aghalabu kutoka kwa asiyemaliza hesabu zake. Mimi silikubali. Mwaka 1984 Unruh na Robert Wald walionyesha kuwa pale azidishaye mwendo asemapo kipimo chake kimemeza chembe ya joto, mwenziwe wa mwendo wa sawasawa husema kipimo hicho kimetoa chembe, na nguvu yake imetoka katika mtambo unaokisukuma. Visa ni viwili, lakini kipimo ni kimoja, na wote wawili wakikisoma watasoma alama ile ile. Hakuna awezaye kukana kuwa kilipanda. Kilichoanguka, basi, si ukweli, bali dhana yetu kuwa "tupu" ni sifa ya mahali peke yake. Kumbe ni neno kama "kushoto", lisilotimia mpaka ajulikane asemaye amesimama vipi.

Nirudie mtungi. Kabla ya kumwita mwenzio mwongo, ningekuomba umwulize mambo mawili: alikuwa akiendaje, na kipimo chake kilisoma nini. Akikujibu la kwanza, kisha akakataa kukuonyesha la pili, hapo mashaka yako ni ya haki.