MAPENDO, AMRI NA KAZI VINAANZIA NYUMBANI

Masomo: Mwanzo 25:19-28, Mwanzo 37:1-4, 1 Wafalme 1:5-6, Mwanzo 44:18-34



Sisi mashemasi kazi yetu ni kutembelea nyumba. Tunaitwa wakati kuna kilio, wakati kuna mgonjwa, na mara nyingi wakati bibi na bwana wamekosana. Tunaketi, tunasikiliza pande zote mbili, tunaomba. Bibi anasema: "Hasemi na mimi. Nakaa naye sawa mpangaji." Bwana anasema: "Unga naleta, masomo ya watoto nalipa. Anataka nini tena?"

Kwa miaka mingi tulifikiri kwamba ugomvi ulianza juma lile lile, kwa ajili ya franka zilizopotea ao kwa ajili ya maneno ya mashemeji. Leo tumefahamu kwamba ugomvi mwingi ulianza zamani sana mbele ya ndoa, katika lupango ambamo bwana alikulia, na katika lupango ambamo bibi alikulia. Mtu haingii katika ndoa na sanduku la nguo tu. Anaingia pamoja na nyumba ya baba yake na mama yake. Namna alivyopendwa kule ndiyo namna anayoijua ya kupenda. Ndiyo maana tunataka kusema nanyi leo juu ya malezi.

1. NYUMBA YA ISAKA

Someni vizuri Mwanzo 25:28. Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya nyama ya mawindo. Rebeka alimpenda Yakobo. Baba mmoja, mama mmoja, watoto wawili wa tumbo moja, na tayari nyumba imegawanyika. Yakobo alijifunza nini katika nyumba ile? Alijifunza kwamba mapendo ya baba hayatoshi kwa watoto wote, na kwamba anayeyataka lazima atumie ujanja. Akavaa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akamdanganya mzee kipofu (Mwanzo 27:16).

Kisha Yakobo akaoa, akazaa. Alikuwa mtu wa Mungu: aliona ngazi inayofika mbinguni, alishindana na malaika usiku kucha. Lakini alipenda namna gani? Alimpenda Raheli kuliko Lea. Alimpenda Yosefu kuliko wana wake wote, akamshonea kanzu nzuri, na ndugu zake wakashindwa hata kumsalimia kwa amani. Wakamuuza kwa vipande ishirini vya feza. Wakachinja mbuzi, wakachovya kanzu katika damu, wakampelekea baba yao. Yakobo alimdanganya baba yake kwa mbuzi; wana wake wakamdanganya yeye kwa mbuzi.

Wapendwa, machozi ya Yosefu ndani ya shimo yalianza katika sahani ya nyama ya babu yake. Jambo hili litutetemeshe sisi tunaoomba sana. Mtu anaweza kuona maono na bado akapenda sawa vile alivyofundishwa kwao. Sala ni nguvu, lakini sala haimzuii mtu kutazama malezi yake; inampa nguvu ya kuyatazama.

2. NYUMBA TATU ZENYE UPUNGUFU

Kanisa letu lina maneno matatu ambayo kila mtoto anayajua: Mapendo, Amri, Kazi. Tunayasema kwenye ibada, tunayaandika kwenye kuta. Lakini yalitolewa yakae pamoja. Ukitoa moja, nyumba inasimama sawa jiko la mafiga mawili: chungu kitamwagika.

Nyumba ya kwanza ina amri na kazi, haina mapendo. Humo kila kitu kiko kwa saa yake. Mtoto anaogopa mlio wa lango. Anajifunza kuficha: kikombe kilichovunjika, pointi mbaya, kidonda mguuni. Akikua, anaficha mshahara kwa bibi yake, na bibi akikulia katika nyumba ya namna hiyo, anaficha deni kwa bwana yake. Wanaitwa watu wenye heshima, lakini hawajuani. Wengine wanageuka kuwa wakali sawa baba yao, kwa sababu hawajaona bwana wa namna nyingine.

Nyumba ya pili ina mapendo, haina amri. Mfalme Daudi alijua kupigana na simba na dubu, lakini Biblia inasema juu ya mwana wake Adonia kwamba baba yake hakumkemea hata siku moja kwa kumuuliza sababu ya tendo lake (1 Wafalme 1:6). Adonia alipokua, alitaka ufalme na baba yake bado hai. Amnoni alipomtendea uovu Tamari, Daudi alikasirika, akanyamaza. Kijana wa nyumba hii anaoa huku akitafuta mama wa pili, mtu asiyesema "hapana" kamwe. Siku bibi anaposema "hapana", anafikiri kwamba hapendwi tena, na anakwenda kutafuta penginepo.

Nyumba ya tatu ina kazi, haina wakati wa mapendo. Sisi wa Katanga tunaijua nyumba hii. Wazee wengi walikulia katika kambi za Union Minière, na nyuma yake Gécamines. Sirena ililia, baba akatoka. Sirena ililia, baba akarudi amechoka, watoto wakaambiwa wanyamaze. Mapendo yake yalikuwa mfuko wa unga. Tusiyadharau, kwa maana baba yule alitoa jasho lake. Lakini kuanzia mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango ulioitwa "départs volontaires", ilionekana wazi nyumba ipi ilijengwa juu ya nini. Pale baba alipokuwa unga tu, unga ulipokwisha, baba naye alikwisha machoni pa watoto. Pale alipokuwa pia mtu wa kuongea na kucheka na watoto, bibi alilima, watoto waliuza mikate barabarani, na jioni walikula bukari kidogo pamoja. Nyumba haikuanguka.

Watu wa elimu nao wameona mambo haya. Mama mmoja mwenye elimu, Mary Ainsworth, alikaa Uganda miaka ya 1954 na 1955, akitembelea nyumba za vijiji karibu na Kampala na kuangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika na mama yake anathubutu kutambaa mbali, anatazama vitu, kisha anarudi. Yule asiye na hakika analia sana, hata akiwa pamoja na mama. Je, si vile vile kwa watu wazima? Bwana anayemfuata bibi yake sokoni kwa wivu, bibi anayepekua mifuko ya bwana kila usiku, si watu wenye mapendo mengi. Mara nyingi ni watoto ambao hawakupata hakika.

3. MAKOSA YETU WENYEWE

Tusiseme nyumba za wengine tu. Sisi tunaoandika tulikulia katika nyumba ya kwanza. Baba yetu alikuwa mtu wa haki, hakulewa, hakukosa ibada. Lakini hatukumbuki siku moja aliyotuambia: "Mwanangu, umefanya vema." Tulipopata watoto, tulisema kwamba tunawapenda, na ni kweli.

Mwaka mmoja, masomo yalipofungwa, binti yetu alirudi na buletini yake, akampa mama yake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Tulimwita, tukamuuliza kwa nini hakutuletea sisi. Alinyamaza sana, kisha akasema: "Papa, wewe unaangalia wino mwekundu tu."

Tulifungua buletini. Kulikuwa na pointi nyekundu moja, katika hesabu. Nyingine zote zilikuwa nzuri. Ni kweli, macho yetu yalikuwa yamekwenda moja kwa moja kwenye ile nyekundu, mbele hata ya kusoma jina lake. Usiku ule hatukulala. Tulitambua macho yale. Yalikuwa macho ya baba yetu. Na tulitambua jambo lingine chungu zaidi: bibi yetu naye tulimtazama vile vile, miaka yote. Chumvi ikizidi tulisema. Chumvi ikitosha tulinyamaza.

4. NYUMBA YA MAMA MWILU

Kuna mtu atakayesema: "Basi mimi nimekwisha. Nilikulia bila baba," ao, "nilizungushwa kwa wajomba na mashangazi." Kwake tunajibu kwa historia ya Kanisa letu.

Papa Simon Kimbangu mwenyewe alilelewa na Kinzembo, mama ambaye hakumzaa. Na alipokamatwa mwezi wa Septemba 1921, aliacha wana watatu: Kisolokele wa miaka saba, Dialungana wa miaka mitano, Diangienda wa miaka mitatu. Alifungwa miaka thelathini, hapa Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville wakati ule, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Wana wale walikuwa na sababu zote za kukua na chuki ndani ya roho. Lakini kulikuwa na Mama Mwilu Marie. Alibaki na watoto, alibaki na waamini waliokuwa wakiomba kwa kujificha, na hakuwafundisha kulipiza. Alifariki tarehe 27 Aprili 1959, miezi michache mbele ya serikali kulikubali Kanisa, tarehe 24 Desemba mwaka ule ule. Mtoto wa miaka mitatu aliyeachwa ndiye aliyeongoza Kanisa mpaka 1992, na baada yake ndugu yake Dialungana mpaka 2001.

Kwa hiyo, kukosa baba ni kidonda, lakini si hukumu. Mtu mmoja anayependa kwa kweli, anayetoa amri bila chuki, anayefanya kazi mbele ya macho ya mtoto, anatosha kwa kuanza. Awe mama, nyanya, shangazi, ao mwamini wa parokia.

5. MNYORORO UNAKATWA NAMNA GANI

Rudini kwa wana wa Yakobo. Nani alitoa shauri la kumuuza Yosefu? Ni Yuda. Miaka ikapita. Mzee Yakobo hakubadilika: sasa alimpenda Benyamini kuliko wengine. Lakini huko Misri, wakati Benyamini alipotaka kubakizwa mtumwa, ni Yuda aliyesimama akasema yeye abaki mahali pa kijana, kwa kuwa hataweza kuona uchungu wa baba yake (Mwanzo 44:33-34). Baba ni yule yule, upendeleo ni ule ule, ila Yuda si yule wa zamani. Aliacha kungoja baba atengenezwe kwanza. Pale mnyororo ulikatika, na Yosefu akalia kwa sauti.

Basi, wapendwa, tufanye hivi:

Kwa vijana wanaotaka kuoana: msiulizane tu juu ya mahari na kazi. Ulizaneni: Kwenu baba akikasirika, alifanya nini? Mama akilia, nani alimfariji? Mliomba musamaha namna gani? Anayekataa kujibu, msimkimbie, lakini msiharakishe.

Kwa bibi na bwana: kabla ya kusema "wewe ni mbaya", uliza "umetoka nyumba gani?" Kufahamu si kukubali mapigo. Anayepigwa aje kwa mchungaji na kwa mashemasi, asifichwe kwa ajili ya heshima ya jina. Malezi yanaeleza kosa, hayalihesabii haki.

Kwa wazazi: msiwe na Esau wenu na Yakobo wenu. Mkimkemea mtoto, mwambieni sababu. Mkikosa, ombeni musamaha mbele yake. Heshima yenu haitapungua. Mti unakunjwa ungali mbichi, lakini unakunjwa kwa mkono, si kwa shoka.

Kwa wote: jioni hii, mbele ya sala ya nyumbani, kila mtu amwambie mwingine jambo moja jema aliloliona kwake leo. Litaonekana jambo la haya. Midomo itakuwa mizito. Fanyeni vile vile.

Sisi tulianza. Masomo yalipofungwa tena, binti yetu alileta buletini mkononi mwetu. Alisimama karibu na mlango, sawa mtu aliye tayari kukimbia. Tulisoma jina lake kwa sauti, kisha pointi nzuri moja moja, mpaka mwisho. Tulipofika kwenye hesabu tulisema: "Hapa tutasaidiana." Alisogea, akaketi. Bado hatujamaliza kujifunza, na bibi yetu ni shahidi kwamba siku nyingine tunarudi nyuma. Lakini alisogea.

Mungu Baba, aliye Baba wa wale wenye baba na wa wale wasio naye, atupe Mapendo, Amri na Kazi ndani ya nyumba zetu, kusudi watoto wetu wasilipe deni ambalo hawakukopa. Amina.